Taa nyekundu ya oili inapepesa foleni ikikolea: swichi, pampu, au injini imeisha? (Carina Ti, 5A-FE)

chuma_chakavu (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Naweka maelezo yote mwanzoni ili tusizungushane.

Gari ni Carina Ti, injini 5A-FE, gia otomatiki, saa inasoma kilomita 214,000. Taa nyekundu ya birika la oili inapepesa, haitulii. Asubuhi injini ikiwa baridi haiwaki kabisa. Inaanza baada ya kama dakika arobaini za foleni ya barabara ya Mandela, Dar, AC imewashwa, gia iko D, mguu kwenye breki. Gari ikianza kutembea inazima. Nikirudisha N inazima mara nyingi, si mara zote. Oili ni 20W-50, imetembea kilomita 2,000 tangu ibadilishwe. Stiki inasoma katikati ya alama mbili. Hakuna mlio wa kugonga. Kwenye swichi ya oili kuna unyevunyevu.

Gereji ya kwanza wamesema pampu. Ya pili wamesema injini imeisha, nitafute nyingine Gerezani kwa wauza vipuri. Hakuna aliyepima kitu. Nianzie wapi?

mtaa_wa_pili

Mwaga hiyo, weka oili nzito zaidi. Taa haitarudi.

Fundi Kimya

Mkuu mtaa_wa_pili, inawezekana kweli haitarudi, na ndiyo hatari yenyewe. Nitaeleza.

Mtoa mada, kwanza jua hiyo taa inaambiwa nini. Haipimi wingi wa oili, na haijui presha ni ngapi. Swichi iliyofungwa kwenye bloku ina waya mmoja. Ndani kuna kiwambo na springi. Presha ikiwa sifuri, springi inagusisha waya na mwili wa injini, taa inapata ethi, inawaka. Ndiyo maana ukifungua ufunguo bila kupiga stata lazima iwake. Isipowaka, una tatizo kubwa kuliko hili. Presha ikipanda ikaishinda springi, mguso unaachana na taa inazima. Kwa swichi nyingi za aina hii mpaka huo uko kati ya bar 0.2 na 0.5, yaani psi 3 hadi 7.

Sasa ona. Psi 10 kwenye RPM 3,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) ni msiba, lakini taa itakuwa imezima na dereva anaimba na redio. Kwa upande mwingine, taa ikipepesa kwenye sailensi (injini inazunguka bila kugusa mafuta) huenda presha ni psi 6, huenda ni 1. Taa haitakwambia. Geji ndiyo itakwambia, na mpaka geji ifungwe, neno "pampu" na neno "injini imeisha" yote ni ramli.

Kwa nini inatokea hapo hapo kwenye foleni? Pampu ya 5A inazungushwa moja kwa moja na krank, shafti kuu ya injini. Krank ikienda polepole, pampu inasukuma kidogo. Oili nayo imepata moto, imekuwa nyepesi, inapita kirahisi kwenye nafasi za bearing za krank na konrodi. Ukiweka D na AC juu yake, injini inabebeshwa mzigo na RPM inashuka tena. Kila kitu kinavuta presha chini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo naomba namba moja ambayo hujaitoa: RPM ikiwa D na AC imewashwa ni ngapi?

kigamboni_4x4

Huku pwani chumvi inakula soketi. Vuta soketi ya swichi, utakuta kutu ya kijani. Safisha kwa spreyi, taa itapona. Hiyo ni dakika tano tu.

umeme_wa_gari

Kaka, kusafisha hakudhuru, ila kwa swichi ya waya mmoja ya Toyota ya zamani kutu haiwezi kuwasha taa. Fuata mkondo: taa inawaka pale waya unapogusana na ethi. Kutu inaongeza ukinzani, kwa hiyo taa ingefifia au isiwake hata ufunguo ukifunguliwa. Waya ukikatika kabisa, taa haiwaki milele. Kinachoiwasha bure ni kinyume chake: waya uliochubuka ukagusa chuma, au swichi yenyewe.

Jaribio lake ni fupi. Injini inazunguka, taa inapepesa, chomoa soketi ya swichi na uiache ikining'inia mbali na chuma. Taa ikizima, waya ni mzima. Kinachowasha ni swichi au presha yenyewe. Ikiendelea kuwaka, fuata waya mpaka kwenye dashibodi. Angalia unapopita jirani na alternata na ekzosi, na kila kibano cha chuma kinachoushika. Utikise kwa mkono huku mwenzako akiangalia taa.

Wenye Volkswagen za zamani msifuate hili. Nyingi zina swichi mbili: ya presha ndogo inayofanya kazi kama hii, na ya presha kubwa inayofanya kinyume, ambayo kompyuta inaiuliza ikivuka RPM 2,000 hivi. Hiyo ya pili waya ukikatika inapiga kelele na taa, wakati presha iko safi.

chuma_chakavu (mtoa mada)

Nimechomoa soketi taa ikipepesa. Imezima. Nikagusisha waya kwenye bolti, ikawaka vizuri. RPM kwenye N bila AC ni 680. D na AC inashuka hadi 520, na gari inatetemeka.

Fundi Kimya

Basi waya umepona. Na 520 ni ndogo mno. Kompyuta inatakiwa ipandishe sailensi kidogo AC ikiingia. Ikishuka badala ya kupanda, valvu ya hewa ya sailensi kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) imejaa masizi. Shikilia hilo, tutalirudia.

Sasa kupima. Swichi ya Toyota hizi inafunguka kwa boksi ndefu namba 24. Injini izimwe, uweke chombo chini, oili kidogo itatoka. Tundu la swichi ni uzi wa BSPT moja ya nane, una mikato 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kariakoo zinakuja na adapta ya NPT moja ya nane, yenye mikato 27. Kwa macho ni pacha. Inaingia mizunguko miwili au mitatu halafu inabana, fundi mwenye haraka anaongeza nguvu, na uzi unaharibika. Muombe muuzaji BSPT kwa jina. Ikikataa kuingia kwa vidole, siyo yenyewe.

Funga geji, pitisha bomba lake mbali na ekzosi na mikanda. Washa, hakikisha hakuna kuvuja. Halafu subira: acha mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima angalau mara mbili, kisha endesha kama dakika 15. Joto la maji linapanda haraka kuliko la oili, na kipimo cha oili ambayo haijapata moto kinadanganya kwa kukufurahisha. Soma: N bila AC, D na AC, RPM 2,000, RPM 3,000. Andika zote na RPM yake.

Kulinganisha: vitabu vya Toyota vya injini za rika hili, mfano 4A-FE na 3S-FE, vinataka angalau kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba kwenye sailensi, kama psi 4.3, na kilo 2.5 hadi 5.0 kwenye RPM 3,000, yaani psi 36 hadi 71. Wengi wanashangaa ile ya sailensi ilivyo ndogo. Ndivyo ilivyo. Kwa matumizi ya kila siku, mimi nikiona chini ya psi 7 ya moto kwenye RPM sahihi, naanza kuuliza maswali.

Mama Spana

Naongeza hapo, kwa sababu watu wanasoma namba moja na kukata tamaa. Soma umbo la namba zote.

Sailensi iko chini na 3,000 iko safi: nafasi za bearing zimeanza kupanuka, au oili ni nyepesi, au RPM ndogo. Hiyo ni injini yenye umri, si maiti.

Zote ziko chini, baridi na moto: hapo ndipo pampu, au valvu ya kupunguza presha iliyonasa wazi kwa uchafu. Pampu ikishushwa hupimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Uwazi kati ya rota na rula iliyolazwa juu ya nyumba yake ukizidi milimita 0.10, haifai kurudishwa.

Presha inaanza vizuri, halafu inaanguka ukiwa kwenye mwendo, RPM ikiwa JUU, na gari ikipumzika dakika kumi inarudi: chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limeziba. Pampu inanyonya kupitia kichujio kile cha wavu. Takataka zinavutwa zinaganda juu yake, ukizima zinadondoka. Huyu ndiye mwizi anayesingiziwa pampu kila siku. Oili nzito hapa inazidisha ugonjwa, maana inapita kwa shida zaidi kwenye wavu.

Taa inawaka kwenye kona kali au breki ya ghafla tu: oili haitoshi. Oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, chujio linanyonya hewa. Pima stiki kwenye tambarare, injini imezimwa dakika tano. Na usizidishe juu ya alama. Krank ikiichapa oili inajaa povu, na povu halishiki presha.

Stiki inapanda yenyewe na oili inanuka petroli: nozeli inavuja au gari ni ya safari fupi fupi tu. Oili imechanganyika, imekuwa nyepesi, taa itawaka hata kama ilikuwa 20W-50. Ikiwa na rangi ya maziwa, ni maji, usiwashe tena.

dereva_wa_ist

Samahani kuingilia uzi. IST yangu, 1NZ, taa inachelewa kuzima asubuhi, kama sekunde nne au tano, halafu siku nzima haionekani. Ni hili hili?

Mama Spana

Hapana, hiyo ni filta. Ndani ya filta kuna raba inayozuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Filta za bei ya chini raba yake inakuwa ngumu, oili yote inashuka, asubuhi pampu inaanza kujaza upya mabomba matupu. Kwa 1NZ filta halisi ya Toyota ni 90915-YZZE1. Ujazo wa oili ukibadilisha na filta ni lita 3.7; wale wanaomimina galoni ya lita nne yote wanapitiliza. Paka oili kwenye oringi ya filta, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko.

Na hizo sekunde tano usipige resi. Bearing zinakwenda kavu wakati huo.

mtaa_wa_pili

Kuhusu chujio la sampu, si unaweka dizeli lita moja kwenye oili ya zamani, unaacha sailensi dakika kumi, unamwaga? Mbona inasafisha vizuri?

Fundi Kimya

Inabandua vizuri, mkuu. Swali ni kilichobanduka kinakwenda wapi. Tope gumu la miaka linang'oka kwenye kuta kwa vipande, na njia ya kwanza ya vipande hivyo ni kwenye wavu wa chujio. Juu ya hapo unazungusha bearing kwa oili iliyopunguzwa nguvu, kwenye injini ambayo tayari tunaihofia presha. Injini iliyotunzwa haihitaji dizeli, na iliyojaa tope dizeli inaweza kuimaliza.

Shusha sampu. Bolti zake ni za boksi namba 10, na kwenye baadhi ya gari lazima ufungue bomba la mbele la ekzosi kwanza. Osha chujio kwa petroli na brashi laini, pulizia kutoka ndani kwenda nje, badilisha gasketi yake, maana ikivuta hewa hapo umerudi ulikotoka. Na tazama sakafu ya sampu kabla hujaiosha: unga unaong'aa kama fedha au vipande vya rangi ya shaba ni bearing. Hapo swali lako lote limejibiwa bila geji.

Wakati wa kurudisha, silikoni. Hili linaua injini nyingi mjini kuliko pampu. Mstari wa milimita 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, basi. Mafundi wanapaka kama siagi kwenye mkate, inayozidi inabinyika kwenda ndani, inakauka, inakatika, inakwenda kukaa kwenye wavu. Miezi mitatu baadaye mteja anauziwa pampu. Bolti za sampu za injini za familia ya A kama hii hazihitaji nguvu, Nm 5 zinatosha. Ukikaza kwa hasira unapinda ukingo na itavuja siku zote.

chuma_chakavu (mtoa mada)

Shukrani sana. Majibu ya geji, oili ikiwa ya moto kweli kweli:

N bila AC, RPM 680: psi 11
D na AC, RPM 520: psi 7, sindano inacheza kati ya 6 na 8
RPM 2,000: psi 33
RPM 3,000: psi 45

Baridi kwenye sailensi ilikuwa psi 48.

Fundi Kimya

Injini yako haijaisha na pampu yako ni nzima. Usimpe mtu hela ya injini.

Psi 45 kwenye 3,000 inaondoa pampu, valvu na chujio kwa mpigo. Psi 11 kwenye 680 ni injini iliyotembea, basi. Tatizo liko mahali pawili pamoja: sailensi imeshuka hadi presha imefika psi 7, na swichi yako inafunga mapema. Swichi nzima ya kundi la psi 4 hivi isingesema kitu kwa psi 7. Pima swichi kabla ya kuitupa, utajifunza kitu.

umeme_wa_gari

Namna ya kupima: funga swichi kwenye bomba lenye uzi wake, unganisha na kompresa ndogo ya tairi yenye geji. Mita weka kwenye ohm, waya mmoja kwenye pini ya swichi, mwingine kwenye mwili wake. Bila presha isome karibu sifuri. Ongeza hewa polepole, andika psi mita inapokatika. Kisha achia hewa polepole, andika inaporudi. Namba ya kurudi ndiyo ya maana, kwa sababu ndiyo inayowasha taa yako kwenye foleni.

Huo unyevunyevu nao usiupuuze. Oili ikitokea juu kwenye plastiki pale waya unapoingia, kiwambo kimepasuka. Swichi hiyo inaweza siku moja kumwaga oili kwa presha kamili ukiwa njiani. Ikitokea kwenye uzi, ni kufunga vibaya tu.

chuma_chakavu (mtoa mada)

Inakatika psi 12, inarudi psi 8. Oili inatokea juu, kwenye plastiki. Swichi haina jina lolote, imeandikwa tu namba ndogo.

Mama Spana

Imekuja na uzi sahihi na moyo wa injini nyingine. Wauzaji wanaangalia uzi na soketi vinaingia, hawaangalii inafunga psi ngapi. Nenda na namba ya chesisi, upewe ya 5A-FE, halisi au ya mtengenezaji anayejulikana. Kabla ya kufunga ipime kwa kompresa kama ulivyofanya hiyo.

Kufunga: safisha uzi wa bloku kwa kitambaa, si kwa kupulizia ndani. Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Vipande vyake vinakatika na kuingia njia ya oili, na ikizidi inakata ethi, maana swichi hii inategemea uzi wake kugusa chuma. Weka gundi ya uzi kidogo, uache mikato miwili ya mbele mikavu. Uzi huu ni wa koni, unabana wenyewe. Nm 13 hadi 15, usisubiri ukae mpaka mwisho.

Fundi Kimya

Na throto: fungua, safisha kwa spreyi ya throto, pamoja na njia ya valvu ya sailensi mpaka mlango wake uzunguke bila kukwama. Mipira ya maji inapita hapo, kwa hiyo fanya injini ikiwa baridi, jaza maji upya na utoe hewa, usije ukatibu oili ukachemsha injini. Ondoa waya hasi wa betri dakika chache, kisha iache kwenye sailensi kama dakika kumi bila mzigo ili kompyuta ijifunze upya. Lengo ni D na AC isishuke chini ya 650 hivi.

Oili baki na 20W-50 hiyo hiyo, kwa umri wake na joto la Dar inamfaa. Anayekuja hapa na 1NZ au injini nyingine ya VVT-i asinakili hilo. Kule oili ndiyo inayosukuma mashine ya kubadilisha taimingi, na oili nzito inaichelewesha. Fuata kitabu cha gari.

Kwa mtaa_wa_pili, nilikuahidi maelezo. Oili nzito zaidi ingepandisha ile psi 7 ikafika labda 9 au 10, taa ingezima, na swichi iliyopasuka kiwambo ingebaki hapo ikisubiri kufunguka kwenye daraja la Mfugale.

mtaa_wa_pili

Nimeelewa mzee, sina ubishi.

chuma_chakavu (mtoa mada)

Mrejesho. Swichi mpya inakatika psi 6, inarudi psi 4. Throto ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Sasa N ni 750, D na AC ni 670. Geji kabla sijairudisha dukani: D na AC, oili ya moto, psi 10. Foleni ya Buguruni saa nzima jana, taa kimya.

Swali la mwisho: nikiona inawaka tena njiani na haizimi, nina muda gani?

Fundi Kimya

Ikipepesa kwenye sailensi na kuzima ukigusa mafuta, nenda pembeni, pima stiki, amua. Ikiwaka moja kwa moja ukiwa kwenye mwendo, hesabu kwa sekunde. Weka N, zima ufunguo hatua moja tu ili usukani usijifunge, jiviringishe hadi pembeni. Breki na usukani vitakuwa vizito, kanyaga kwa nguvu. Usiwashe tena "kuisogeza kidogo mpaka gereji". Ita wa kuvuta, na kwa otomatiki ya magurudumu ya mbele kama hiyo, anyanyue mbele.